Kushika, Kunata na Kuingia: Virusi vya Tiba ya Jeni na Vipokezi vya Seli katika Maelezo ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili cha kila siku cha Afrika Mashariki, mtu akisemwa kwamba "ana virusi", wasikilizaji hawaulizi ni virusi vya aina gani. Tangu UKIMWI ulipoenea katika miaka ya 1980 na 1990, maana ya neno hilo ilifinyika hata likaweza kusimama peke yake badala ya "virusi vya UKIMWI". Mafua husababishwa na virusi, surua kadhalika, na polio pia; lakini hakuna asemaye kuwa jirani yake mwenye mafua ana virusi. Janga la UVIKO-19 liliulegeza ufinyu huo kwa kiasi, ila halikuufuta.

Kufinyika kwa maana ni jambo la kawaida katika semantiki, na kwa lenyewe lisingestahili makala. Uzito wake huonekana pale mzazi wa mtoto mwenye selimundu anapopaswa kuelezwa kuwa ipo tiba ambayo ndani yake virusi ndivyo vinavyotumwa kuchukua jeni isiyo na kasoro na kuifikisha katika seli za mwanawe. Tiba hiyo si ndoto. Tarehe 8 Desemba 2023 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha tiba ya selimundu iitwayo Lyfgenia, inayotumia virusi vya namna hiyo, kwa bei iliyotangazwa ya dola milioni 3.1 kwa mgonjwa mmoja. Bei hiyo haigusiki katika nchi zetu. Hata hivyo, inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu nchini Tanzania kila mwaka. Na mwaka 2019 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani pamoja na Wakfu wa Bill na Melinda Gates walitangaza mpango wa kutafuta tiba za jeni za selimundu na za VVU zitakazoweza kutolewa Afrika kusini mwa Sahara, kila upande ukiahidi angalau dola milioni 100 kwa miaka minne. Siku tiba hizo zitakapofanyiwa majaribio katika hospitali zetu, idhini ya mzazi itaombwa kwa Kiswahili. Idhini ni maneno kabla haijawa sahihi.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi virusi vinavyotumiwa katika tiba ya jeni vinavyoshikamana na vipokezi vya seli. Aidha, yanakusudia kuonyesha kuwa taswira ya ufunguo na kufuli, ambayo hutumiwa mno katika kueleza jambo hilo, hupotosha mahali pawili ambapo mgonjwa anahitaji ukweli zaidi kuliko mahali pengine popote. Hayakusudii kutoa orodha ya istilahi. Istilahi ni kazi ya vyombo vilivyopewa dhamana hiyo. Kinachochunguzwa hapa ni vitenzi, na ni nani anayetajwa kuwa mtenda.

2.0 Kuhusu neno "kirusi"

Neno lenyewe lina historia fupi yenye mafunzo. Katika Kilatini, ambako lilianzia, "virus" lilikuwa umoja, na maana yake ilikuwa sumu au ute wenye madhara. Lilipoingia katika Kiswahili kupitia Kiingereza, silabi yake ya kwanza ilisikika kama kiambishi cha wingi cha ngeli ya ki-/vi-, na wazungumzaji wakalizalia umoja: kirusi. Njia hiyo ndiyo iliyopitwa na "kitabu", neno la Kiarabu ambalo ki- yake ni sehemu ya mzizi lakini likapata "vitabu". Na ndiyo iliyopitwa na "kipilefti" cha barabarani, ambacho wingi wake ni "vipilefti". Kwamba kirusi ni pia jina la lugha ya Warusi halijamletea mtu yeyote taabu, kwani muktadha hutosha.

La kuzingatiwa zaidi ni upatanisho. Majina ya wanyama yaliyo katika ngeli hii huvutwa kwenye upatanisho wa viumbe hai: kifaru amelala, kiboko ameingia majini. Kirusi hakikuvutwa. Wazungumzaji husema kirusi kimeingia, wala si kirusi ameingia. Wanabiolojia wamebishana kwa miongo mingi kama virusi vihesabiwe kuwa viumbe hai; wasemaji wa Kiswahili, bila ya mkutano wowote, wamekwisha kuviweka pamoja na vitu. Jambo hilo lina manufaa, kama itakavyoonekana, kwa sababu tendo la kirusi kuifikia seli halina nia ndani yake.

Katika majina marefu kama adenovirusi na lentivirusi, ambayo hayawezi kugawanywa ili yapate umoja wa ki-, makala haya yanatumia upatanisho wa i-/zi-. Virusi vilivyorekebishwa ili vichukue jeni ya tiba vinaitwa hapa virusi vichukuzi.

3.0 Kipokezi na taswira ya ufunguo

Dhana ya kipokezi ni ya zamani kuliko elimu ya tiba ya jeni kwa karibu karne nzima. Mwaka 1894 mkemia Mjerumani Emil Fischer alifananisha kimeng'enya na kitu ambacho kimeng'enya hicho hukifanyia kazi na kufuli na ufunguo wake. Mwanzoni mwa karne ya 20 Paul Ehrlich, naye Mjerumani, alizungumzia vipokezi akieleza jinsi sumu za vijidudu zinavyoshika seli, na mwaka 1905 Mwingereza John Langley alizungumzia "dutu pokezi" katika misuli. Taswira ya Fischer iliungana na dhana ya Ehrlich, na kwa pamoja zikaingia katika vitabu vya shule. Wanasayansi wenyewe waliirekebisha mapema: mwaka 1958 Daniel Koshland alipendekeza kuwa kimeng'enya hujirekebisha umbo kinapokutana na mwenzake, yaani "kufuli" si chuma. Lakini taswira ilikuwa imekwisha kuota mizizi.

Katika Kiswahili, istilahi "kipokezi" imeundwa kwa kanuni safi. Kitenzi ni pokea. Nomino ya mtenda ni mpokezi, kama vile mlezi kutokana na lea na mtetezi kutokana na tetea. Na kwa kubadili ngeli, mpokezi huwa kipokezi, kitu kinachopokea. Kimofolojia haina dosari. Tatizo liko katika kitenzi chenyewe. Katika Kiswahili mtu hupokea mgeni, hupokea mzigo wa mgeni, hupokea zawadi na salamu. Kupokea ni tendo la mtu aliyejiandaa, na aghalabu aliyeridhia. Ikisemwa kuwa seli ina "kipokezi cha kirusi", msomaji asiye mtaalamu ana haki ya kuelewa kuwa seli iliwekewa chombo hicho ili kirusi kipokelewe.

La hasha. Hakuna seli ya binadamu iliyojiwekea kipokezi kwa ajili ya kirusi. Protini iitwayo CD4, ambayo VVU huishika, ipo juu ya baadhi ya seli nyeupe za damu ili zisaidie kutambua maadui wa mwili. Protini iitwayo LDLR kazi yake ni kukamata chembe zinazobeba kolesteroli katika damu na kuziingiza ndani ya seli. Michael Brown na Joseph Goldstein walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa uvumbuzi wao kuhusu jinsi mwili unavyoidhibiti kolesteroli, na kipokezi hicho ndicho kiini cha uvumbuzi huo. CAR, itakayojadiliwa punde, hushikanisha seli moja na jirani yake. Kila kimoja kina shughuli yake, na kirusi hudandia. Hapa ndipo taswira ya kufuli inapopotosha kwa mara ya kwanza: kufuli hutengenezwa kwa ajili ya ufunguo wake, ilhali kipokezi hakikutengenezwa kwa ajili ya kirusi. Mzazi anayeuliza, "Kwa nini mwili wa mwanangu una mlango wa virusi?" amepotoshwa na istilahi, hakukosa akili.

4.0 Adenovirusi: kushika si kuingia

Adenovirusi ni kirusi chenye upana wa takriban nanomita 90. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Gamba lake lina pande ishirini na pembe kumi na mbili, na katika kila pembe umechomoza uzi wa protini wenye kifundo nchani. Ni kifundo hicho kinachoishika seli kwanza. Mwaka 1997 watafiti walitambua protini ambayo kifundo cha adenovirusi ya aina ya 5 hukishika, nayo ikaitwa CAR, kwa sababu virusi vya koksaki navyo huitumia.

Kushika huko hakumwingizi mtu ndani, kama asemavyo anayebisha hodi. Tangu mwaka 1993 ilikuwa imejulikana kuwa kuingia kwahitaji kipokezi cha pili. Chini ya uzi, katika shina lake, ipo protini nyingine ambayo hushikamana na protini za seli ziitwazo integrini. Zikishikwa kwa wingi mahali pamoja, integrini hupeleka ishara ndani, na seli hukunja utando wake na kukimeza kirusi kikiwa katika kifuko kidogo. Humo kifukoni asidi huongezeka, gamba hulegea, utando wa kifuko hupasuka, na kirusi hutoroka kuelekea kwenye kiini. Ni matendo manne au matano, na mtenda si yule yule. Kirusi kinashika, seli inameza, kirusi kinatoroka. Sentensi "ufunguo hufungua mlango" huyafunga yote katika tendo moja lenye mtenda mmoja.

Gharama ya kuyachanganya matendo hayo ilionekana katika mapafu. Kuanzia mwaka 1993 adenovirusi zilijaribiwa kwa wagonjwa wa sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaojaza makamasi mazito katika njia za hewa. Virusi vilipuliziwa katika njia hizo, lakini jeni ilifika katika seli chache mno. CAR ilipotambuliwa, sababu mojawapo ikawa wazi: katika seli zinazotandaza njia za hewa, CAR haipo upande unaotazama hewa. Ipo ubavuni na chini, katika maungio baina ya seli, ambako ndiko kazi yake iliko. Kirusi kilikuwa na mkono unaofaa, ila kilichopaswa kushikwa kilikuwa upande wa pili wa ukuta. Swali la "kipokezi kipo?" ni pungufu bila ya swali la "kipo upande gani?", na Kiswahili, chenye viambishi vya mahali po, ko na mo, kina uwezo wa kulibana swali hilo kuliko lugha nyingi.

Katika ini kisa ni kizito zaidi. Tarehe 17 Septemba 1999 kijana Jesse Gelsinger, mwenye umri wa miaka 18, alifariki dunia nchini Marekani siku nne baada ya kutiwa adenovirusi katika mshipa wa ini kwa ajili ya majaribio ya tiba ya upungufu wa kimeng'enya. Kinga ya mwili wake iliwakia virusi hivyo kwa nguvu iliyoharibu viungo kadhaa. Uchunguzi wa serikali uliofuata ulikosoa, pamoja na mambo mengine, maelezo yaliyotolewa wakati wa kuomba idhini. Watafiti waliamini kwa muda kuwa, kwa kuiondolea adenovirusi uwezo wa kuishika CAR, wangeizuia isirundikane katika ini. Walifanya hivyo kwa panya. Virusi viliendelea kurundikana vilevile. Mwaka 2008 jibu lilipatikana. Katika damu imo protini ya kugandisha damu iitwayo kipengele cha kumi. Protini hiyo hujibandika kwenye gamba la adenovirusi, si kwenye uzi wake, kisha upande wake mwingine hushika sukari zilizo juu ya seli za ini. Inakuwa daraja. Kwa hiyo kipokezi kilichotambuliwa katika sahani ya maabara, mahali pasipo na damu, sicho kilichotawala njia ya kirusi ndani ya mwili.

Laiti taswira ya ufunguo ingekuwa kweli, kubadili ufunguo kungetosha.

5.0 Kingamwili, na chanjo za mwaka 2021

Kushikamana kunaweza kuzuiwa. Mtu aliyewahi kuugua mafua ya adenovirusi hubaki na kingamwili zinazolifunika gamba au kifundo, hata kirusi kingine cha aina ile kikija hakipati pa kushikia. Kingamwili dhidi ya adenovirusi ya aina ya 5 ni nyingi zaidi kwa watu wa Afrika kusini mwa Sahara kuliko kwa watu wa Ulaya na Marekani. Hivyo kirusi kichukuzi kinachofaa kwingine huenda kisifae hapa. Ndiyo sababu mojawapo iliyowafanya watengenezaji wa chanjo watafute aina nyingine: chanjo ya AstraZeneca, iliyofika Kenya Machi 2021, ilitumia adenovirusi ya sokwe; na ile ya Johnson & Johnson, iliyofika Tanzania Julai 2021 ikiwa dozi zaidi ya milioni moja, ilitumia adenovirusi ya aina ya 26.

Chanjo hizo si tiba ya jeni, lakini kichukuzi ni cha ukoo mmoja na njia ya kuingia katika seli ni ya namna moja. Kwa hiyo mamilioni ya wasemaji wa Kiswahili wamekwisha kuchomwa virusi vichukuzi, wengi wao bila ya kuelezwa kwa neno linaloeleweka ni kitu gani. Katika mabishano ya wakati huo kulisikika madai kuwa chanjo hubadili jeni za mtu. Kwa adenovirusi jibu ni kwamba DNA yake hufika katika kiini na kukaa kando, bila ya kujiunga na kromosomu. Kwa lentivirusi, kama itakavyoonekana, kujiunga na kromosomu ndiyo kazi yenyewe. Anayejibu "virusi havibadili jeni" kwa jumla, kwa nia njema ya kuwatuliza watu, anaweka deni litakalodaiwa siku ya tiba ya selimundu.

6.0 AAV na mbegu za kishonanguo

Virusi vidogo viitwavyo AAV, vyenye upana wa nanomita 25 hivi, viligunduliwa mwaka 1965 vikiwa vimechanganyika na adenovirusi katika maabara. Havijulikani kumletea binadamu ugonjwa. Vimekuwa vichukuzi maarufu: AAV ya aina ya 2 hutumika katika tiba ya upofu wa kurithi iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2017, na ya aina ya 9 katika tiba ya watoto wachanga wenye ugonjwa wa kudhoofika kwa misuli, iliyoidhinishwa Mei 2019.

Mwaka 1998 ilionyeshwa kuwa AAV ya aina ya 2 hushika heparani salfeti, sukari ndefu zenye chaji hasi zilizotanda juu ya karibu kila seli ya mwili. Mshiko mmoja mmoja ni dhaifu. Kirusi hushika mahali pengi kwa pamoja, na jumla ya mishiko dhaifu huwa mshiko imara. Hapa ufunguo hauna nafasi kabisa. Hakuna kufuli inayofunguka kwa funguo dhaifu nyingi. Taswira iliyo karibu zaidi inapatikana mashambani: mbegu za kishonanguo. Apitaye katika majani hurudi nyumbani na pindo la nguo limejaa mbegu. Hakuna mbegu iliyomchagua. Kila mbegu ina miiba midogo, na kwa wingi wake hushika hata kuing'oa ni kazi. Nguo nayo haikufumwa kwa ajili ya mbegu. Taswira hii inaeleza yale mawili ambayo kufuli haiyaelezi: kwamba kinachoshikwa kina kazi yake nyingine, na kwamba kukutana ni kwa kupitiana, si kwa kutafutana. Ina kikomo chake, kwani mbegu huishia juu ya nguo, ilhali kirusi humezwa. Taswira isiyotajiwa kikomo chake hugeuka kuwa kosa, na hilo lamhusu mwenye kishonanguo sawa na mwenye kufuli.

Jinsi AAV inavyoingia baada ya kunata ni jambo lililosumbua kwa miaka karibu ishirini. Vipokezi kadhaa vilipendekezwa kuwa vya pili. Mwaka 2016 watafiti waliozima jeni za seli moja baada ya nyingine walipata protini waliyoiita AAVR. Seli isiyo nayo haikuambukizika kwa aina nyingi za AAV. Cha kushangaza ni mahali ilipo. Sehemu kubwa ya AAVR haipo juu ya seli bali ndani, katika mfumo wa vifuko unaosafirisha protini, na huko ndiko inakoelekea kumsindikiza mgeni. Je, kitu ambacho kirusi hukikuta ndani baada ya kumezwa kiitwe kipokezi? Kwa mujibu wa neno, mpokezi hukaa mlangoni. Fasili za wanabiolojia zimekipanua kipokezi hata kikajumuisha kinachokutana na kirusi popote njiani. Kiswahili kingenufaika na majina mawili: kishikiwa kwa kile cha juu ambacho kirusi hukinatia, na kipokezi kwa kile ambacho bila yake hakuna kuingia wala kufika. Pendekezo hilo linatolewa kwa ajili ya mjadala.

7.0 Vitenzi na mtenda

Utajiri wa Kiswahili katika eneo hili uko katika vitenzi na unyambuaji wake. Zilinganishwe sentensi zifuatazo:

(1) Seli hukipokea kirusi.
(2) Kirusi hufungua seli.
(3) Kirusi hunata juu ya seli.
(4) Kirusi hushikamana na kipokezi.
(5) Kirusi humezwa na seli.

Sentensi ya (1) ina seli iliyoridhia. Ya (2) ina kirusi chenye nia na nguvu. Zote mbili ndizo zinazopatikana kwa wingi katika maelezo ya afya, na zote mbili si za kweli. Ya (3) yafaa kwa hatua ya kwanza, kama ile ya AAV na heparani salfeti: kunata hakuhitaji nia wala ulinganifu wa maumbo, gundi hunata popote. Ya (4) yafaa kwa mshiko mahususi, kama ule wa kifundo na CAR. Katika shikamana zimo -am-, inayoonyesha hali iliyotulia, kama katika fungamana, na -an- ya kutendana. Mzungumzaji anaelewa kuwa pande mbili zimeshikana na hakuna anayeitwa mkosaji. Ya (5) yastahili kusisitizwa. "Kirusi huingia" ni nusu ya ukweli. Katika virusi vichukuzi vilivyojadiliwa hapa, kazi ya kukunja utando na kuvuta ndani hufanywa na seli, kwa nguvu zake yenyewe. Kauli ya kutendwa, ambayo wahariri huichukia, hapa ndiyo sahihi.

8.0 Lentivirusi: mkono uliobadilishwa

Kirusi kichukuzi kinachotumika katika Lyfgenia ni lentivirusi, na kimetokana na VVU. Hakuna namna ya kulisema jambo hilo kwa Kiswahili bila ya kumshtua msikilizaji, na hapa ndipo elimu ya vipokezi inapokuwa na kazi kubwa kuliko yote.

VVU asilia vina protini juu ya utando wao inayoshika CD4, kisha kipokezi cha pili, CCR5 au CXCR4. Mikono hiyo ndiyo inayoviongoza kwenye seli za kinga. Katika kutengeneza kichukuzi, jeni zinazokiwezesha kirusi kuzaliana huondolewa, na mkono unaoshika CD4 huondolewa pia. Mahali pake huwekwa protini ya kirusi kingine kabisa, kile kinachosababisha ugonjwa wa malengelenge ya mdomo kwa ng'ombe na farasi. Mkono huo mpya haujui CD4. Ulianza kutumiwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa sababu hushika seli za aina nyingi sana. Ila kitu hasa unachokishika kilitambuliwa mwaka 2013 tu, nacho ni LDLR, ile protini ya kolesteroli. Kwa miaka ishirini wataalamu walitumia ufunguo bila ya kujua kufuli.

Ujuzi huo ulifumbua pia fumbo la kazi. Seli mama za damu, ambazo ndizo zinazolengwa katika selimundu, zikiwa zimetulia huwa na LDLR chache juu yake, na kirusi hunata kwa shida. Kwa hiyo seli hutolewa mwilini, huamshwa maabara kwa protini za ukuaji, huchanganywa na virusi vichukuzi, kisha hurudishwa kwa mgonjwa aliyekwisha kupewa dawa kali ya kuua seli za uboho wake. Mpango uliotangazwa mwaka 2019 unakusudia njia nyingine: kuchoma kichukuzi moja kwa moja mwilini. Hapo kirusi kitapita katika damu na karibu na ini, na karibu na kila seli yenye LDLR, nacho kitatakiwa kishike seli chache tu. Hali hiyo itauhitaji mkono mwingine, na mafunzo ya adenovirusi katika ini yatahitajika yote.

Mzazi aelezweje? Wapo wanaopendekeza neno "virusi" liepukwe, liwekwe "vekta" au "chombo cha kubebea jeni", ili watu wasihofu. Pendekezo hilo lina huruma lakini halina uaminifu. Mzazi atalisikia neno hilo siku moja kwa mtu mwingine, pengine kwa jirani, na ataamini kuwa alifichwa. Maelezo yafuatayo yamejaribiwa kuundwa kwa vitenzi vilivyojadiliwa hapo juu:

"Mama, dawa hii inabebwa na virusi. Vimetengenezwa kutokana na virusi vya UKIMWI, lakini vimeondolewa sehemu zinazoviwezesha kuzaliana, na vimeondolewa mkono unaovifanya vishike seli za kinga. Vimepewa mkono wa virusi vya ng'ombe, ambao hushika kitu kinachoingiza mafuta ndani ya seli. Tutatoa seli za damu za mtoto, tutazichanganya na virusi hivi nje ya mwili, virusi vitanata, seli zitavimeza, na jeni itajiunga na jeni za seli hizo. Haitatoka tena. Kabla ya kurudisha seli, mtoto atapewa dawa kali. Wapo wagonjwa waliopata saratani ya damu baada ya tiba hii, nasi tutakueleza kuhusu hilo kabla hujatia sahihi."

Maelezo hayo ni marefu kuliko yale ya ufunguo na kufuli, na yana neno la kutisha katika sentensi yake ya kwanza na ya pili. Lakini kila kitenzi ndani yake kina mtenda wake halisi: virusi vimeondolewa, vimepewa; virusi vitanata; seli zitameza; jeni itajiunga. Mama akiuliza, "Je, havitamshika mwanangu UKIMWI?" jibu limo tayari katika sentensi ya mkono, na anaweza kulirudia nyumbani kwa maneno yake mwenyewe atakapoulizwa na baba wa mtoto.